Shika Laini

Kompaila ilisema haipo. Nikafungua faili, nikaikuta ipo. Nikairudia kompaila, nayo ikarudia maneno yake yale yale: kuna kitu kinaitwa shika_laini, kimetafutwa kila mahali, hakikuonekana. Nikaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, pale pale nilipokiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikafoka, "Hiki hapa! Macho yako yako wapi?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, na taya ninazoshinda nazo ni za plasta, kwa hiyo nikifoka hakuna anayenijibu. Karakana yangu ni chumba cha nyuma katika nyumba ya mama: meza ndefu, taa ya kuinamisha, harufu ya nta, mataya yamepangwa rafuni yanacheka bila sababu, na kwenye kona kompyuta kongwe ambayo mimi na kaka yangu tumekataa kuitupa. Tuliikataza jalala kwa sababu moja tu. Ndani yake mna vifaa vya kutengenezea gemu za ile mashine yetu ya zamani, ile ya kuchomeka kaseti kwa juu, na vifaa hivyo kwenye kompyuta za kisasa havikubali kufanya kazi, piga ua.

Kompaila, kwa asiyeijua, ni programu inayosoma maagizo uliyoyaandika na kuyageuza yawe lugha ya mashine. Ukikosea, inakuambia umekosea. Haina salamu, haina pole. Nimeizoea. Nilichokuwa sijakizoea ni kuambiwa kitu hakipo huku ninakitazama.

Na siku hiyo sikuwa na nafasi ya kuchezewa. Ilikuwa Jumanne, na Alhamisi mtu wa mazoezi alikuwa anakuja kuuangalia mkono wa mama.

Mama alipata kiharusi mwanzoni mwa mwaka. Mdomo ulirudi upesi, tena ukarudi na maneno ya ziada. Mguu ukarudi polepole. Mkono wa kushoto ndio uliogoma. Ulikaa mapajani mwake kama mgeni asiyejua aanzie wapi mazungumzo. Mtu wa mazoezi, kijana mpole mwenye viatu vya raba vyeupe, alitueleza wazi kwamba mkono haujafa, umelala tu, lakini usipotumiwa utajikunja na kukakamaa, na ukishakakamaa basi tena. Akampa mama mpira wa kuminya. Mama akaupokea kwa adabu zote, akashukuru, na kijana alipotoka akautia kwenye droo ya vitunguu.

"Mimi si mtoto wa kuchezea mpira," alisema.

Ukimuuliza mkono vipi, anasema haujambo. Ukimuuliza unahisi nini, anasema haujambo. Mama yangu hajawahi kulalamika jambo lolote tangu nimjue. Hata siku ile alipoanguka jikoni, neno lake la kwanza lilikuwa kutuambia tuzime jiko.

"Hilo ndilo linanitia wasiwasi," mtu wa mazoezi alininong'oneza mlangoni. "Siku atakaposema unauma, au unachoma, au unawasha, nipigie simu hata kama niko mezani nakula. Mkono unaolalamika ni mkono ulioamka." Alikuwa amesema pia kwamba Alhamisi, kama hakuna badiliko, ataufunga kwenye kifaa cha kuunyoosha ili usijikunje, na mazoezi yatakuwa yameishia hapo.

Sasa, kitu kimoja ambacho mama hakikatai ni gemu. Tulipokuwa wadogo alikuwa anarudi kazini, anavua viatu, anatupokonya padi ya vitufe vya kuchezea na kutushinda wote wawili mpaka tunanuna. Baada ya kiharusi aliirudia mashine ile ile, ila kwa ujanja: aliiweka padi mapajani na kubonyeza kila kitu kwa mkono wa kulia, kidole kinaruka kutoka mishale ya upande wa kushoto hadi vitufe vya upande wa kulia. Alikuwa mwepesi, si mchezo. Na kadiri alivyokuwa mwepesi ndivyo mkono wa kushoto ulivyozidi kulala.

Ndipo mimi na kaka tukapata wazo la kumtengenezea gemu yake mwenyewe.

Kaka yangu ni fundi umeme wa magari. Mtaani wanamwita Fyuzi, na hata mama siku akikasirika humwita hivyo hivyo. Mimi nilichora picha na kuandika sheria za mchezo, yeye akashughulika na sauti, alama na faili kuu linalounganisha vyote. Gemu yenyewe ilikuwa swichibodi. Mama alifanya kazi ya opereta wa simu mpaka alipostaafu, zama zile za kuunganisha watu kwa waya na matundu, mkono huu unashika, mkono huu unachomeka. Katika gemu yetu taa inawaka, mteja anaita. Unabonyeza mshale kwa dole gumba la kushoto kumshika kwenye laini, na bila kuuachia unabonyeza kitufe cha kulia kumuunganisha, mpaka taa izimike. Ukiachia mshale, simu inakatika. Nilijaribu mwenyewe kwenye padi isiyochomekwa, kwa mkono mmoja, vidole vikagongana nikashindwa. Hapo ndipo ulipokuwa mtego wetu wote, na mtego huo uliishi ndani ya kipande kimoja kidogo cha maagizo nilichokiandika Jumapili mchana: shika_laini. Kile ambacho kompaila ilikuwa inaniapia kuwa hakipo.

Kaka aliingia akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi.

"Inasemaje?"

"Inasema mimi mwongo."

Akainama, akasoma, akacheka. "Dada, hii ni rahisi. Si inalalamikia mstari huu mmoja?" Akalifungua faili lake kuu kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaweka vistari viwili vya mshazari mwanzoni mwa mstari ule unaoiita shika_laini. Mstari ukiwekewa vistari hivyo, kompaila inaupita kama haikuuona. Akalihamisha faili kwa flashi, akabonyeza. Kimya. Hakuna kosa hata moja. "Umeona?" akasema. "Imepona."

Hiyo ndiyo tabia ya kaka yangu tangu azaliwe. Kitu kikipiga kelele, anakinyamazisha. Taa nyekundu ya oili iliwahi kuwaka kwenye gari lake, akaichomoa balbu na kutangaza kwamba gari limepona. Lilipona mpaka injini ilipokufa njiani, akalisukuma kwa miguu huku wateja wake wanamsalimia.

"Umeung'oa moyo wa gemu," nilimwambia.

"Nimeondoa kelele. Twende tukamwonyeshe mama, haya mengine tutarekebisha baadaye."

Sikutaka, lakini alikuwa ameshaandika gemu kwenye kaseti na yuko nusu ya njia ya kwenda sebuleni.

Mama alipoiona swichibodi kwenye televisheni aliketi wima. Alisogea mbele ya kiti, akarekebisha miwani, akasema taratibu, "Hee. Ubao wangu." Taa zilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka. Nilikumbuka nilizikuza Jumapili, nikajiuliza mbona bado ndogo, nikadhani ni macho yangu.

Akaanza kucheza. Kwa mkono wa kulia, bila shaka. Kidole kinagusa mshale, kinaruka, kinagusa kitufe. Taa inazimika. Nyingine inawaka, kidole kinaruka. Kaka alikuwa amesimama nyuma ya kiti anatabasamu hadi jino la mwisho, nalo nalijua kwa sababu nilimtengenezea mimi.

Ghafla mama akaacha kucheza. Akabonyeza mshale, akauachia makusudi, akatazama. Akarudia.

"Nimeachia waya," akasema, "na bado wanaongea?"

"Ni gemu tu, mama," kaka alijibu.

"Gemu tu? Ningekuwa na swichibodi ya namna hii ningekuwa nalala kazini." Akaiweka padi kwenye meza. "Nzuri, wanangu. Imependeza. Nitacheza tena kesho."

Namjua mama. Nitacheza tena kesho maana yake imeisha hiyo. Nilirudi karakanani moyo umenishuka, nikakaa mbele ya kompyuta nimeshika tama. Niliogopa. Niliogopa Alhamisi, na kile kifaa cha kuunyoosha, na mkono ule uliolala mapajani. Nilikuwa nimeuona mkono huo ukinifunga nywele, ukinitwanga kofi, ukinipima homa, na sasa ungefungwa kwenye kamba na plastiki kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi ambao kompaila haitaki kuuona.

Jumatano asubuhi niliacha mataya ya watu na kuanza upya. Vile vistari viwili nilimlazimisha kaka aviondoe usiku ule ule kwenye kompyuta yake ya mkononi, nami nikalihamisha faili kwa flashi. Kosa likarudi: shika_laini haipo. Sawa. Nikasema kama hainisikii nikiandika vizuri, labda itanisikia nikiandika vibaya. Nikalifungua faili langu, na katikati ya maagizo nikaandika upuuzi mtupu, kwa herufi kubwa: WEWE NI MBUMBUMBU. Kompaila yoyote yenye akili timamu ingepiga yowe ikikutana na maneno hayo. Nikahifadhi, nikabonyeza, nikasubiri kukaripiwa.

Haikusema kitu. Ililalamika tu kwamba shika_laini haipo, kama kawaida yake. Tusi langu ililipita kimya kimya.

Haikuwa inanibishia, ilikuwa hainisomi kabisa. Mabadiliko ya kaka ilikuwa inayaona yote. Yangu, hata moja. Ndiyo maana taa zilibaki ndogo! Nikahesabu kwa kichwa kila nilichobadilisha tangu Jumapili, na hakuna kilichokuwa kimeingia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani kukosolewa.

Lakini kwa nini? Nikaanza kuchokonoa huku na huku, na hapo, kana kwamba siku haijatosha, umeme ukakatika. Ukarudi baada ya muda mfupi. Kompyuta ikaamka, na kwenye kioo cheusi ukatokea ule ujumbe wake wa kila siku, kwamba bonyeza kitufe chochote kuendelea. Kidole changu kilikuwa tayari kimefika hewani. Tumebonyeza hapo miaka na miaka. Kaka ndiye aliyenifundisha: "We bonyeza tu iendelee."

Safari hii nikakizuia kidole, nikasoma maneno ya juu yake. Betri ya saa imekufa. Tarehe imepotea.

Nikabonyeza, nikatazama pembeni mwa kioo. Kwa mujibu wa kompyuta yangu, tulikuwa kwenye mwaka ilipotengenezwa. Mama alikuwa bado kazini, kaka alikuwa na nywele nyingi, na mimi nilikuwa nikivaa sare ya shule. Nikafungua orodha ya mafaili. Faili la kaka, la jana. Faili langu nililolihifadhi asubuhi ile ile lilikuwa na tarehe ya mwaka huo wa kale.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, mbele ya mataya yanayocheka.

Maana vifaa hivi vya zamani vina ubahili mmoja. Vikishageuza faili mara moja, vinahifadhi matokeo pembeni, na safari nyingine vinatazama tarehe: kama faili ni la zamani kuliko matokeo, vinasema hili halijabadilika, halina haja ya kusomwa tena. Tulipoanza, kaka aliiweka saa sawasawa kwa mkono, na kazi ya kwanza ikahifadhiwa kwa tarehe ya mwaka huu. Usiku wa kuamkia Jumapili umeme ukakatika, saa ikarudi ujanani, na kila nilichoandika tangu hapo kilipigwa muhuri wa zamani. Kaka alikuwa anaandika kwenye kompyuta yake ya mkononi, yenye saa nzima, ndiyo maana yeye alisikilizwa.

Nikampigia simu. "Fyuzi, njoo na betri."

"Ya gari?"

"Ya saa ya kompyuta. Ile ya duara, bapa kama kifungo."

"Hizo ziko kwenye rimoti za magari, ninazo droo nzima." Nikasikia droo ikivutwa. "Ngoja. Ule ujumbe wa kuwasha?"

"Ule ule."

"Tuliokuwa tunabonyeza?"

"Uliokuwa unanifundisha kubonyeza."

Alifika anahema. Tuliifungua kompyuta, tukapuliza vumbi la plasta lililojaa ndani, tukaitoa betri iliyokufa na kuweka mpya. Nikajizuia kumsema kaka, jambo ambalo lilinigharimu. Tukaweka saa, tukayafuta matokeo yote ya zamani ili kompaila isome kila kitu upya, nikalihifadhi faili langu tena. Nikabonyeza.

Kompaila ikapiga kelele. Mstari baada ya mstari, kosa juu ya kosa, kioo kizima kikajaa. Ilikuwa imefika kwenye WEWE NI MBUMBUMBU na haikupendezwa hata kidogo. Mimi na kaka tukarukaruka kama watu waliofunga goli. Nikaiomba kompaila radhi, nikalifuta tusi langu, na vistari viwili vya kaka havikuhitajika tena. Ikapita, shika_laini ikiwa ndani.

Mama alikuwa sebuleni anapanga nguo kwa mkono mmoja. Kaka alipochomeka kaseti, mama akaguna, "Ile ya opereta wavivu?"

"Jaribu tena, mama. Mara moja tu," nilisema.

Taa ikawaka, kubwa safari hii, kubwa na ya njano. Mama akaweka padi mapajani. Kidole cha kulia kikagusa mshale, kikaruka kwenye kitufe. Simu ikakatika. Ile sauti ya mlio mfu ambayo kaka aliitengeneza ikajaa chumbani.

"Lo, samahani mteja," mama alisema, wala hakuwa anatutania. Akajaribu tena. Ikakatika. Akajaribu kwa kasi zaidi, ikakatika kwa kasi zaidi. Shingo yake ikaanza kunyooka. Katika miaka yake yote ya kazi mama alijivunia jambo moja, kwamba hakuwahi kumwangusha mtu kwenye laini, na sasa alikuwa ameangusha watatu mbele ya watoto wake.

Akaitazama padi. Akautazama mkono wake wa kushoto. Akaunyanyua kwa mkono wa kulia, akauweka kwenye padi kama mtu anavyomweka mtoto kitini, akalipanga dole gumba juu ya mshale. Taa ikawaka. Dole halikubonyeza. Simu ikakatika. Kaka alinishika bega, akanibana mpaka nikaumia. Taa ikawaka tena. Nililiona dole likitetemeka, kucha ikibadilika rangi, na ule mshale ukashuka. Kidogo tu, lakini ulishuka, na mteja akakamatwa kwenye laini. Mama akabonyeza kitufe kwa mkono wa kulia, akashikilia, akashikilia, jasho likamtoka juu ya mdomo. Taa ikazimika. Mtu fulani ambaye hayupo akaunganishwa na mtu mwingine ambaye hayupo, na kaka yangu akafuta macho kwa kitambaa cha grisi.

Wa pili akaanguka. Wa tatu akamshika. Halafu mama akakunja uso.

"Inauma," akasema.

Nikasogea karibu na kiti chake.

"Nini, mama?"

"Hili dole. Linauma. Linachoma mpaka huku kwenye kiwiko, na nyinyi mnanitazama tu. Nani alitengeneza vitufe vigumu namna hii?"

Kaka, kwa tabia yake, akanyoosha mkono kuichukua padi. "Basi mama, pole, pumzika, tutapunguza."

"Toa mkono wako hapo!" mama na mimi tulisema kwa pamoja.

Nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni. Mtu wa mazoezi akapokea, na kweli alikuwa anakula, nilisikia anatafuna.

"Kuna tatizo gani?"

"Mama analalamika," nilisema.

Kutafuna kukakoma. "Analalamika nini?"

"Dole gumba la kushoto. Anasema linauma, linachoma mpaka kwenye kiwiko."

Alipiga ukelele nikalazimika kuiondoa simu sikioni. "Mpe simu! Mpe niongee naye mwenyewe!"

Nikamsogezea mama simu. Hakugeuka. Taa kubwa ya njano ilikuwa imewaka, na dole lake lilikuwa juu ya mshale, linatetemeka, limebonyeza.

"Mwambie asubiri," alisema. "Laini ina mtu."